Clair Patterson: Mkemia aliyesaka umri wa dunia akafichua sumu ya petroli

MNAMO Agosti 30, 2021, Shirika la Umoja wa Mataifa kuhusu Mazingira, UNEP, lilitangaza kutoka makao yake makuu mtaani Gigiri, Nairobi, kwamba petroli iliyotiwa risasi haikuwa ikiuzwa tena kwa magari katika nchi yoyote ulimwenguni. Algeria, iliyokuwa imesalia peke yake, ilikuwa imekomesha uuzaji wake mwezi Julai mwaka huo.

Wengi waliozipokea habari hizo hawakujua kwamba vita dhidi ya petroli hiyo vilipata silaha yake kuu kutoka kwa mtu ambaye mwanzoni hakuwa na haja yoyote na magari wala mafuta. Alichotaka kujua ni jambo moja tu: dunia hii tunayoishi ina umri wa miaka mingapi?

Mtu huyo alikuwa Clair Cameron Patterson, mkemia wa Marekani aliyefariki mwaka 1995. Katika kutafuta jibu la swali hilo, alilazimika kubuni mbinu mpya za kupima viasi vidogo mno vya madini, na mbinu hizo ndizo zilizomfunulia kuwa hewa, bahari, theluji na damu ya binadamu vilikuwa vimejaa risasi.

Risasi inayozungumziwa hapa si ile ya bunduki. Ni metali laini, nzito, ya rangi ya kijivu, ambayo hutumika katika betri za magari na ambayo ndiyo iliyoipa risasi ya bunduki jina lake. Ikiingia mwilini hudhuru ubongo, figo na damu, na watoto ndio huumia zaidi.

MTOTO WA TARISHI

Patterson alizaliwa Juni 2, 1922 katika mji mdogo wa Mitchellville, jimboni Iowa, eneo linalosifika kwa kilimo cha mahindi. Babake alikuwa tarishi wa posta aliyepeleka barua mashambani. Mamake ndiye aliyempa zawadi ya vifaa vya kufanyia majaribio ya kemia, na tangu hapo kijana akatekwa na somo hilo.

Alisomea kemia katika Chuo cha Grinnell, Iowa, na kuhitimu mwaka 1943. Huko ndiko alikokutana na Lorna McCleary, mkemia mwenzake, ambaye baadaye alikuja kuwa mkewe. Mwaka uliofuata alipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Iowa.

Hiyo ilikuwa miaka ya Vita vya Pili vya Dunia. Wanandoa hao walijiunga na mradi wa siri wa Marekani wa kuunda bomu la atomi, kwanza Chicago kisha Oak Ridge, jimboni Tennessee. Huko Patterson alijifunza kutumia spektromita ya masi, mtambo unaozitenga atomi za aina moja kulingana na uzito wake.

Vita vilipokwisha alirejea Chicago kusomea uzamifu. Mwalimu wake, Harrison Brown, alimkabidhi kazi aliyodhani ingekuwa rahisi: kupima risasi iliyomo katika chembechembe ndogo za madini yaitwayo zirkoni. Mwanafunzi mwenzake, George Tilton, alipewa jukumu la kupima urani katika chembechembe hizo hizo.

Msingi wa kazi hiyo ulikuwa huu. Urani hugeuka kuwa risasi polepole sana, na kwa mwendo usiobadilika. Nusu ya aina moja ya urani huchukua takriban miaka bilioni 4.5 kugeuka. Kwa hivyo, mtu akijua kiasi cha urani kilichosalia ndani ya jiwe na kiasi cha risasi kilichozalika humo, anaweza kupiga hesabu na kujua jiwe hilo lina umri gani.

KIKULACHO KI NGUONI MWAKO

Matatizo yalianza mara moja. Vipimo vya Patterson vilionyesha risasi nyingi kuliko ilivyowezekana kuwemo katika mawe hayo. Alirudia tena na tena, na kila mara tarakimu zilikuwa juu, tena zikitofautiana.

Mtafiti mwingine angeweza kuilaumu mashine au kuchukua wastani wa tarakimu hizo na kuendelea na safari. Patterson hakufanya hivyo. Alianza kushuku kuwa risasi ile haikutoka katika jiwe, bali katika maabara yenyewe.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Patterson alipima maji ya mfereji, akakuta risasi. Alipima vyombo vya kioo, asidi na kemikali alizonunua madukani, akakuta risasi. Vumbi lililotua mezani lilikuwa na risasi, na hata nywele na ngozi yake mwenyewe vilikuwa nayo.

Ili kuelewa uzito wa tatizo hilo, ni vyema kufahamu mbinu aliyoitumia. Chukulia kuwa una gunia la maharagwe meupe na ungependa kujua idadi yake bila kuyahesabu yote. Unatia humo maharagwe mekundu 100, unachanganya vizuri, kisha unachota konzi moja. Ukikuta jekundu moja kwa kila meupe 10, basi gunia lilikuwa na meupe takriban 1,000.

Ndivyo Patterson alivyofanya na risasi. Alitia katika sampuli kiasi kinachojulikana cha risasi ya aina maalumu, kisha mtambo ukampa uwiano wa aina hiyo na risasi iliyokuwemo. Uzuri wa mbinu hii ni kwamba hata sehemu ya sampuli ikimwagika baada ya kuchanganywa, uwiano haubadiliki.

Hata hivyo, ina udhaifu mmoja mkubwa. Haiwezi kutofautisha maharagwe yaliyokuwa gunini tangu mwanzo na yale yaliyodondokea humo kutoka kwa mikono ya mpimaji. Kwa sababu hiyo, mtafiti huyo alianza kufanya kile ambacho wakemia wengi walikuwa wakikipuuza: alipitisha maji matupu, yasiyo na sampuli, katika hatua zote za kazi, ili aone ni risasi kiasi gani ilitoka kwake mwenyewe.

Kwa miaka kadhaa kazi yake ikawa kusafisha. Vyombo alivichemsha katika asidi, asidi yenyewe akaitonesha upya ili kuitoa uchafu, na kila kilichoweza kufunikwa akakifunika kwa plastiki. Alipata shahada yake ya uzamifu mwaka 1951.

UMRI WA DUNIA

Mwaka 1952 Brown alihamia Taasisi ya Teknolojia ya California, maarufu kama Caltech, mjini Pasadena, na Patterson akaandamana naye. Huko alijenga maabara ambayo haikuwa na mfano wakati huo. Hewa ilichujwa na kusukumwa ndani kwa nguvu ili vumbi la nje lisipenye, na walioingia walitakiwa kuvaa mavazi maalumu.

Vyumba vya aina hiyo, ambavyo siku hizi hutumika katika utengenezaji wa vipuri vya kompyuta na katika utafiti wa dawa, havikuwa jambo la kawaida. Kwa mkemia kutumia muda mwingi akipiga deki kuliko akipima sampuli, wengi waliona ni kichekesho.

Alipojiridhisha kuwa mikono yake ni safi, Patterson aligeukia vimondo. Wanasayansi waliamini kuwa vimondo viliumbika wakati mmoja na dunia. Vile vya chuma vina sehemu ambazo hazina urani yoyote ya maana, hivyo risasi iliyomo ni ile ile ya asili, ambayo haijaongezwa kitu tangu siku ya kwanza.

Alichukua kipande cha kimondo kilichoanguka Canyon Diablo, jimboni Arizona, akakitoa risasi yake, na mwaka 1953 akaipeleka katika maabara ya kitaifa ya Argonne, karibu na Chicago, iliyokuwa na spektromita bora zaidi. Alipolinganisha tarakimu hizo na za vimondo vingine, jibu lilijitokeza.

Inasimuliwa kuwa alifululiza hadi nyumbani kwa mamake kule Iowa akiwa na msisimko mkubwa kiasi kwamba alidhani moyo wake ulikuwa ukishindwa kufanya kazi, akaomba apelekwe hospitalini.

Katika makala aliyochapisha mwaka 1956, Patterson alionyesha kuwa umri wa dunia ni miaka bilioni 4.55, akiacha nafasi ya kosa la miaka milioni 70 pekee. Makadirio yaliyotumika mwishoni mwa miaka ya 1940 yalikuwa takriban bilioni 3.3. Zaidi ya miongo sita baadaye, tarakimu ya Patterson haijabadilika ila kidogo sana.

SWALI JIPYA

Mtu mwingine angeridhika na sifa hiyo. Lakini swali moja lilikuwa likimkereketa mwanasayansi huyo: risasi yote ile iliyomsumbua maabarani ilitoka wapi?

Alianza na bahari. Akishirikiana na watafiti Tsaihwa Chow na Mitsunobu Tatsumoto, alipima maji ya vina mbalimbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 waligundua kuwa maji ya juu yalikuwa na risasi nyingi zaidi ya yale ya vilindini. Kwa kuwa maji ya juu huchukua muda mrefu sana kuchanganyika na ya chini, maana yake ilikuwa kwamba risasi hiyo ilifika majuzi tu, tena kutoka hewani.

Chanzo kikuu hakikuwa kigumu kukitambua. Tangu mwaka 1923, kemikali yenye risasi ilikuwa ikichanganywa katika petroli nchini Marekani ili kuzuia injini isigonge. Mwaka 1924 wafanyakazi kadhaa wa viwanda vilivyoitengeneza walirukwa na akili na kufariki, lakini baada ya mjadala mfupi biashara iliendelea na kuenea duniani kote.

Mtetezi mkuu wa kemikali hiyo kwa upande wa sayansi alikuwa Robert Kehoe, daktari wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, ambaye utafiti wake ulifadhiliwa na viwanda husika. Kehoe alishikilia kuwa risasi mwilini ni jambo la kawaida, kwamba mwili una uwezo wa kuitoa, na kwamba mradi haijavuka kiwango fulani cha juu haina madhara.

Mnamo 1965 Patterson alichapisha makala iliyoipinga hoja hiyo kutoka mizizini. Alieleza kwamba kilichoitwa kawaida hakikuwa cha asili. Kwa hesabu zake, Mmarekani wa wastani alikuwa na risasi mwilini takriban mara 100 ya ile ambayo angekuwa nayo kama binadamu hangechimba wala kuyeyusha madini hayo.

Upinzani ulikuwa mkali. Chama cha kampuni za mafuta, ambacho kilikuwa kikifadhili utafiti wake wa bahari, kilimkatia ufadhili. Madaktari waliobobea katika masuala ya sumu walimwona kama mtaalamu wa mawe aliyejitia katika uwanja usiokuwa wake. Hata hivyo, mwaka 1966 alifika mbele ya kamati ndogo ya Seneti ya Marekani na kutoa ushahidi wake, sawa na alivyofanya Kehoe.

USHAHIDI WA BARAFU

Patterson alijua kuwa hoja bila ushahidi ni sawa na ngoma bila ngozi. Ili kuthibitisha kwamba hewa ya kale ilikuwa safi, alihitaji hewa ya kale. Aliipata katika barafu.

Katika kisiwa cha Greenland na bara la Antaktika, theluji ya kila mwaka hufunika ile ya mwaka uliotangulia na haiyeyuki. Anayechimba chini huwa anarudi nyuma katika historia. Patterson na wenzake walikwenda huko katikati ya miaka ya 1960, wakiwa na nguo na glavu za plastiki, wakakata matofali ya theluji na barafu kwa uangalifu mkubwa ili pumzi, jasho na mafuta ya mitambo yao visiharibu sampuli.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1969 yalishangaza. Barafu ya Greenland ya takriban mwaka 800 Kabla ya Kristo ilikuwa na risasi isiyozidi gramu moja katika tani milioni moja. Theluji ya miaka ya 1960 ilikuwa na gramu moja katika kila tani 5,000, yaani ongezeko la zaidi ya mara 200. Ongezeko kali zaidi lilitokea baada ya 1940, magari yalipokuwa yakiongezeka.

Sasa palikuwa na tarakimu ambazo hazingeweza kupingwa kwa maneno matupu. Hata hivyo, mwaka 1971, jopo la Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipoandaa ripoti kuhusu risasi iliyomo hewani, Patterson hakujumuishwa, ingawa hakuna aliyemzidi katika kuipima.

Hakukata tamaa. Mwaka 1979 yeye na wenzake walichapisha utafiti wa mifupa ya watu wa kale wa Peru, ambao ulionyesha kuwa mifupa ya Wamarekani wa kisasa ilikuwa na risasi mara mamia zaidi. Mwaka 1980, akiwa na Dorothy Settle, alipima samaki aina ya jodari na kubaini kuwa waliotiwa katika mikebe iliyolehemiwa kwa risasi walikuwa na madini hayo mara 10,000 ya kiwango cha asili.

Funzo kubwa la utafiti huo wa samaki lilihusu wapimaji wenyewe. Maabara nyingine zilikuwa zimewapima jodari hao kwa muda mrefu bila kuona hatari, kwa sababu vipimo vyao vilikuwa vimechafuliwa. Samaki aliyetoka baharini karibu akiwa safi alionekana kuwa na risasi nyingi, kwa hivyo yule wa mkebeni hakuonekana kuwa tofauti sana. Wataalamu hao hawakuwa wakisema uongo. Walikuwa wakipima uchafu wa mikono yao.

USHINDI

Mgala muue na haki yake mpe. Patterson hakuwa peke yake vitani. Daktari Herbert Needleman, mathalan, alichunguza meno ya watoto na mwaka 1979 akaonyesha kuwa waliokuwa na risasi nyingi zaidi walifanya vibaya katika majaribio ya akili, hata kama hawakuonekana wagonjwa.

Serikali ya Marekani ilianza kupunguza risasi katika petroli miaka ya 1970. Kuanzia magari ya mwaka 1975, vifaa vya kusafisha moshi viliongeza msukumo, kwani risasi iliviharibu. Kutoka mwisho wa miaka ya 1970 hadi mwanzo wa miaka ya 1990, kiwango cha wastani cha risasi katika damu ya Wamarekani kilishuka kwa zaidi ya asilimia 75.

Heshima zilimjia Patterson akiwa ameshazeeka. Alichaguliwa kujiunga na Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani mwaka 1987, na mwaka 1995 akatunukiwa Tuzo ya Tyler, mojawapo ya tuzo kubwa zaidi za mazingira duniani. Alifariki Desemba 5 mwaka huo huo nyumbani kwake Sea Ranch, California, baada ya kushikwa na pumu. Alikuwa na umri wa miaka 73. Wiki chache baadaye, Januari 1, 1996, uuzaji wa petroli yenye risasi kwa magari ya barabarani ulipigwa marufuku kote Marekani.

Afrika ilifuata baada ya miaka 10. Juni 2001, wajumbe wa mataifa yaliyo kusini mwa Sahara walikutana Dakar, Senegal, na kuafikiana kuachana na petroli hiyo. Kufikia Januari 2006, Kenya na mataifa mengine ya eneo hilo yalikuwa yametimiza ahadi hiyo. UNEP inakadiria kuwa marufuku hiyo inaepusha zaidi ya vifo milioni 1.2 kila mwaka ulimwenguni.

Hata hivyo, risasi haijatokomea. Ingali katika mafuta ya baadhi ya ndege ndogo, katika baadhi ya rangi na katika betri kuukuu. Wakazi wa kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, wanalijua hilo vyema, kwani waliishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri hadi kilipofungwa mwaka 2014. Huko pia, ni vipimo vya damu vilivyothibitisha kuwa maradhi ya watoto hayakuwa bahati mbaya.

Hapo ndipo urithi wa Patterson ulipo. Hakuvumbua dawa wala mashine ya ajabu. Alichofanya ni kukataa kuiamini tarakimu yoyote kabla ya kuichunguza mikono iliyoiandika, akianzia na yake mwenyewe. Kila mtoto anayevuta hewa ya barabarani leo bila risasi ya petroli ana deni kwa mtu huyo aliyepiga deki maabarani kwa miaka mingi.